Mpangaji Mgeni katika Ihanda

Neno kupanga lina kazi nyingi katika Kiswahili. Mtu hupanga viti, hupanga safari, hupanga bei. Mtoto aliyelelewa na wasiomzaa huitwa mtoto wa kupanga, na watu wawili wasiozaliwa tumbo moja waweza kuwa ndugu wa kupanga. Kadhalika, akaaye katika nyumba isiyo yake kwa kutoa fedha huitwa mpangaji. Yumkini maana hizi hazikukutana bure. Ndugu wa kupanga ni ndugu kwa mapatano, wala si kwa damu. Na mpangaji naye ni mwenyeji kwa mapatano. Ana mlango, ana ufunguo, ana jirani. Kilichopungua kwake ni asili ya mahali. Kwa raia upungufu huo si mkubwa, maana asili yake ipo katika kijiji kingine cha nchi ileile, na mapatano yakivunjika huko ndiko atakakorudi. Kwa mgeni aliyetoka nchi nyingine jambo ni zito zaidi. Siku akitolewa nyumbani, huenda ikawa ndiyo siku ya kutolewa katika nchi.

Ihanda imo katika wilaya ya Mbozi, kando ya barabara kuu itokayo Mbeya na kupita Vwawa kwenda Tunduma. Kwa miaka mingi ilikuwa sehemu ya mkoa wa Mbeya, hata mwaka 2016 ulipotengwa mkoa mpya wa Songwe na Vwawa kufanywa makao makuu yake. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wanyiha. Udongo wake hustawisha kahawa, na barabara yake huchukua mizigo ya mataifa. Kutoka hapo hadi mpakani si mwendo mrefu, na ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, katika Zambia. Mahali kama hapo hapawezi kukosa wageni, na mgeni akiisha kukaa zaidi ya siku chache hutaka nyumba. Kwa hiyo historia ya Ihanda na majirani zake ni pia historia ya watu waliokaa katika nyumba au ardhi ya wengine. Katika kuichunguza, swali lifaalo kuulizwa kwanza si kodi ilikuwa kiasi gani. Lifaalo ni hili: mpangaji alipodhulumiwa, alikuwako nani aliye juu ya mwenye nyumba, ambaye angeweza kumwendea?

Zamani za watemi jibu lilikuwa fupi. Kama ilivyokuwa kwa jamii nyingi za nyanda za juu za kusini, mtu aliyetoka mbali alikwenda kwa mwene, akajieleza asili yake na sababu ya kuhama kwake, akaonyeshwa mahali pa kujenga na pa kulima. Msemo wa Waswahili kwamba mgeni hupewa jembe siku ya tatu hufahamika kwa upande wa kazi tu, kana kwamba ni kemeo kwa mvivu. Walakini una upande wa pili, nao ni wa haki: apewaye jembe amepewa na ardhi ya kulitumia. Mgeni huyo hakulipa kodi kwa maana ya leo. Alilipa kwa utii, kwa kazi ya siku chache katika shamba la mkubwa, na kwa kusimama upande wake wakati wa vita. Aliyempa mahali ndiye pia aliyemhukumu, wala hapakuwa na baraza lililo juu ya huyo. Dawa ya mgeni aliyeonewa ilikuwa miguu yake. Nchi ilikuwa pana na watu walikuwa wachache, na mkubwa aliyewaonea wageni alijikuta hana watu wa kumtii. Si haki iliyoandikwa, lakini ilikuwa na nguvu yake.

Miguu hiyo ilifungwa na mpaka. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya juu ya mstari baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mwaka 1898 tume ya mataifa hayo mawili ikaja kuupima mstari huo katika nchi yenyewe. Wanyamwanga wakajikuta wengine wako upande wa Wajerumani na wengine upande wa Waingereza. Mtu aliyekwenda kumtazama shemeji yake alikuwa sasa amekwenda nchi ya kigeni, ingawa alivuka kijito kilekile alichokivuka tangu utoto.

Miaka hiyo hiyo Wajerumani walileta sheria mbili zilizobadili maana ya nyumba. Ya kwanza ni amri ya Kaisari ya tarehe 26 Novemba 1895, iliyosema kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Nani mwenyewe na nani si mwenyewe, wenye kuamua walikuwa maofisa wa dola hiyo hiyo. Ya pili ni amri ya mwaka 1897 ya kutoza kila nyumba na kila kibanda. Watu waliiita kodi ya nyumba. Hapa msomaji na atulie kidogo, maana leo maneno hayo hayo hutumika kwa fedha ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba. Mtu aliyekata miti yake, akakanda udongo wake, akaezeka kwa majani aliyoyakata mwenyewe, alitakiwa kulipa kodi ya nyumba kwa mtu ambaye hakuleta hata fito moja. Lugha iliweka mambo mawili katika chungu kimoja, na pengine watu waliolipa kodi ile hawakuona tofauti kubwa. Asiyelipa alipelekwa kufanya kazi, na kwa njia hiyo mwenye nyumba alifanywa kama mpangaji katika nyumba yake.

Mgeni wa kwanza kujenga nyumba ya kudumu katika nchi ya Wanyiha, iliyokusudiwa kukaliwa na wageni kizazi baada ya kizazi, alikuwa mmisionari. Kanisa la Moravian lilifungua kituo cha Mbozi mwaka 1899, na Traugott Bachmann akakaa hapo hata mwaka 1916. Huyu alijifunza lugha ya wenyeji kwa bidii, na Agano Jipya kwa Kinyiha likapigwa chapa mwaka 1913. Kituo kilikuwa na mashamba, shule, kanisa, na watu waliokuja kukaa karibu nacho. Watu hao walikuwa wapangaji wa namna yake. Hawakutoa fedha, lakini walikubali kanuni za misheni juu ya ndoa, pombe na ngoma, na aliyezivunja aliweza kuondolewa katika ushirika na mahali pia. Mchungaji wao ndiye aliyekuwa mwenye mahali, naye ndiye aliyekuwa mwamuzi. Kisha vita ikaja. Waingereza wakaishika nchi, na wamisionari wa Kijerumani wakachukuliwa. Waliobaki katika majengo ya Mbozi walikuwa wenyeji.

Baada ya vita Tanganyika iliwekwa mikononi mwa Uingereza kama amana ya Ushirika wa Mataifa. Mapatano ya amana hiyo, ya mwaka 1922, yalimlazimu mwangalizi kuzitazama haki za wenyeji katika ardhi, na ardhi yao isiende kwa wageni pasipo idhini ya Serikali. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Ardhi ya 1923. Ardhi yote, iliyokaliwa na isiyokaliwa, iliitwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana, isipokuwa ile iliyokwisha kutolewa kwa hati za milki za wakati wa Wajerumani. Tangu hapo aliyetaka shamba hakuuziwa. Alipewa haki ya kukaa kwa muda, usiozidi miaka 99, kwa malipo ya kila mwaka na kwa masharti ya kuliendeleza. Wala hakuweza kumpa mtu mwingine bila ya ruhusa.

Mwaka 1925 Wajerumani waliruhusiwa kurudi Tanganyika, na katika miaka iliyofuata masetla wa Kijerumani na wa mataifa mengine walichukua mashamba katika Mbozi, wakapanda kahawa. Masetla hao wamesimuliwa mara nyingi kama mabwana wa nchi, na kwa jinsi walivyoishi walikuwa mabwana. Lakini mbele ya sheria yule mwenye nyumba ya mawe, bustani ya maua na watumishi alikuwa mpangaji. Alikuwa amepanga kwa Gavana. Alikuwa na muda wake, kodi yake na masharti yake, kama vile fundi cherehani wa leo aliyepanga chumba kando ya barabara ya Ihanda. Tofauti ni kwamba muda wake ulikuwa mrefu kuliko maisha yake, na kwamba akionewa alijua njia ya kwenda kwa wakili, kwa Mahakama Kuu, na kwa marafiki zake katika Baraza la Kutunga Sheria.

Chini ya mpangaji huyo walikuwako wapangaji wengine. Shamba la kahawa halivunwi na mtu mmoja, na masetla waliwataka watu wakae karibu. Walikuja Wanyiha wa jirani, Wandali kutoka Ileje, na watu wa upande wa pili wa mpaka. Wakapewa mahali pa kujenga kibanda na kulima chakula kwa sharti la kufanya kazi. Wengine waliikuta ardhi ya baba zao imekwisha kuandikwa jina la mtu mwingine, wakabaki palepale chini ya mapatano mapya ambayo hawakuyapanga wao. Waliitwa maskwota. Hawakuwa na hati wala stakabadhi. Mwaka 1928 sheria ya ardhi iliongezwa maneno ili haki ya kukaa ihesabu pia haki ya wenyeji waliokaa kwa mila yao. Walakini mtu aliyekwisha kuingizwa ndani ya mipaka ya shamba la setla hakuweza kuitegemea kwa urahisi mila hiyo. Bwana wa shamba alikuwa mwajiri wake na mwenye mahali pake kwa wakati mmoja. Akikasirika kwa habari ya kazi, aliweza kulipiza katika nyumba.

Mwezi Septemba 1939 vita ikatangazwa tena, na yaliyowapata masetla wa Kijerumani ni funzo ambalo wanasheria hulipita upesi mno. Watu hao walikuwa na hati zilizotiwa sahihi na Serikali ya Kiingereza yenyewe. Walikuwa wamelipa kodi zao. Miti yao ya kahawa ilikuwa imeanza kuzaa vizuri, maana kahawa haina haraka. Kwa tangazo moja wakawa raia wa adui. Wakakusanywa na kuwekwa kizuizini, na mali zao zikatiwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui. Hati haikufutwa kwa kosa la mpangaji kuvunja masharti. Ilikosa nguvu kwa sababu mtu aliyetajwa ndani yake hakuwa tena mtu awezaye kusimama mbele ya hakimu na kudai. Si lazima kuwaonea huruma masetla, hasa wale walioshabikia utawala wa Hitler, ili kuiona sura ya jambo lenyewe. Haki ya mgeni katika nyumba ina miguu miwili: mmoja ni mapatano yake na mwenye nyumba, wa pili ni hali yake mbele ya dola. Mguu wa pili ukikatwa, wa kwanza hauwezi kumsimamisha, hata ukiwa wa miaka 99.

Wakati masetla wakija Mbozi, vijana wa Mbozi walikuwa wakienda zao kusini. Migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, kama Nkana, Mufulira na Roan Antelope, ilihitaji watu wengi tangu mwisho wa miaka ya 1920, na njia ya kwenda huko ilianzia karibu na mlango wao. Hao ndio wapangaji wa ugenini wanaosahauliwa katika habari hizi, kwa kuwa neno mgeni limezoezwa kumfuata mwenye ngozi nyeupe au mwenye fedha. Mchimba shaba alipewa chumba katika makambi ya kampuni. Hakukipanga kwa fedha mkononi. Kilihesabiwa kuwa sehemu ya ujira. Kwa hiyo alipofukuzwa kazi alifukuzwa chumbani, yeye na mke wake na watoto, na alipougua au kuzeeka hakuwa na siku nyingi za kungojea. Katika Roan Antelope kampuni iliweka tangu mwaka 1931 wazee wa makabila wa kusikiliza mashauri ya makambi, lakini wazee hao walipeleka maneno kwa meneja wa makambi, na meneja alikuwa mtu wa kampuni. Mwaka 1953 wachimbaji wenyewe walipiga kura kuondoa utaratibu wa wazee hao, wakataka chama chao cha wafanya kazi kiwe ndicho kisemacho kwa ajili yao. Katika kura hiyo mna mambo mengi ya siasa. Lakini mlikuwa pia na kiu ya watu waliochoka kulala katika nyumba ambayo mwenyewe, mwajiri na mwamuzi ni mmoja.

Waliporudi Mbozi na fedha zao, baadhi yao walijenga nyumba za matofali. Wakati huo huo mjadala mkubwa juu ya ardhi ulikuwa ukiingia nchini. Tume ya Kifalme ya Afrika Mashariki, katika taarifa yake ya mwaka 1955, ilipendekeza umilikaji wa mtu mmoja mmoja, na mwaka 1958 Serikali ya Tanganyika ilitoa mapendekezo ya kuufuata mwendo huo. Julius Nyerere alijibu mwaka huo huo kwa makala aliyoiita Mali ya Taifa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuielewa na nzito kuibishia: katika nchi ambayo mwenyeji ni maskini na mgeni ni tajiri, ardhi ikiwekwa sokoni, baada ya miaka 80 au 100 wageni watakuwa wenye ardhi, na wenyeji watakuwa wapangaji. Hakuna mahali katika historia ya nchi hii ambapo neno mpangaji lilibeba uzito mkubwa kama hapo. Hofu ya mtu kuwa mpangaji katika nchi yake mwenyewe ndiyo iliyotia moyo sheria zote zilizofuata.

Zilifuata upesi. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Mwaka 1963 milki zile za kudumu zilizosalia tangu wakati wa Wajerumani zilibadilishwa kuwa upangaji wa Serikali wa miaka 99, na mwaka 1969 upangaji huo nao ukafanywa haki ya kukaa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha; kumbe mwenye nyumba, ambaye katika mji wa kale wa pwani alikuwa mtu wa heshima, sasa alihesabiwa karibu na mnyonyaji. Mwezi Aprili 1971 Serikali ilijitwalia uwezo wa kuchukua majengo yenye thamani ya shilingi 100,000 na zaidi ambayo wenyewe hawakuyakalia yote. Maelfu ya majengo yalichukuliwa mijini, mengi yakiwa ya watu wa asili ya Asia, na wapangaji waliokuwa ndani wakaambiwa kwamba tangu sasa mwenye nyumba wao ni Msajili wa Majumba. Kwa Ihanda yenye nyumba ndogo ndogo tangazo hilo lilikuwa habari ya redio. Lakini kanuni yake iliwafikia watu wote: mgeni atakaa, mgeni hatamiliki.

Walakini nani mgeni? Swali hilo lilikuwa gumu mpakani kuliko Dar es Salaam. Sheria ya uraia ya mwaka 1961 ilimtambua kuwa raia yule aliyezaliwa Tanganyika ambaye mzazi wake mmoja alizaliwa humo pia. Mnyamwanga aliyezaliwa upande wa Nakonde, akaolewa au akafanya kazi upande wa Mbozi, aliamka siku ya Uhuru akiwa katika kibanda kilekile, akipika katika chungu kilekile, naye amekwisha kuwa mtu wa nchi nyingine. Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, waliobaki katika miji ya shaba nao wakawa wageni huko. Mtu hakusogea hata hatua moja, lakini mapatano yake ya nyumba yalipata upande mpya asioujua.

Kisha barabara ikafurika. Ian Smith alipojitangazia uhuru wa Rhodesia mwezi Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyokuja kwa njia ya kusini, na mafuta yake yakaanza kupita katika njia ya vumbi na matope kutoka Dar es Salaam. Bomba la mafuta lilifika Ndola mwaka 1968. Barabara ikatiwa lami. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa tangu mwaka 1970 hata 1975, ikapita nchi hiyo hiyo kuelekea Tunduma. Wachina waliojenga reli walikaa katika kambi zao. Lakini madereva, mafundi wa magari, wauza vipuri, mawakala wa forodha na wafanya biashara ndogo ndogo walihitaji vyumba, na vituo vya kando ya barabara vikageuka kutoka mahali pa kuuzia mahindi kuwa mahali pa kulala watu. Tangu mwaka 1965 chama cha TANU kilikuwa kimeweka balozi wa kila nyumba kumi, na ikawa desturi mwenye nyumba kumpeleka mpangaji mpya kwa balozi ajulikane. Desturi hiyo ilikuwa ulinzi na uangalizi pamoja. Mpangaji mgeni alipata shahidi wa kwamba yuko pale kwa halali, na Serikali ilipata jicho.

Miaka hiyo ndiyo mpangaji alipopata baraza lililo juu ya mwenye nyumba. Uzuiaji wa kodi za nyumba ulikuwa umeanza wakati wa Vita Kuu ya Pili, vyumba vilipokuwa haba mijini. Baada ya Uhuru ukawekwa katika sheria ya mwaka 1962, kisha katika Sheria Nambari 17 ya mwaka 1984, iliyoweka mabaraza ya nyumba. Shabaha yake ilikuwa mbili: kodi isipandishwe ovyo, na mpangaji asitolewe ila kwa amri ya chombo cha sheria na kwa sababu zilizotajwa, kama kutolipa kodi, kuharibu nyumba, au mwenyewe kuihitaji kwa makazi yake. Ilikuwa sheria ya mijini zaidi kuliko ya mashambani. Lakini ulinzi wake ulimfuata mpangaji kwa kuwa mpangaji, na hapo ndipo ilipo sifa yake kubwa: Mzambia aliyepanga chumba na Mnyiha aliyepanga cha pili waliweza kusema neno moja mbele ya baraza moja.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Ilidaiwa kwamba kodi zilizofungwa ziliwakatisha tamaa wajenzi, na kwamba nyumba za shirika la taifa zilikuwa zikichakaa kwa kukosa fedha za kuzitengeneza. Madai hayo yalikuwa na ukweli wake. Nyumba ambayo kodi yake haitoshi kununulia bati jipya mwishowe humnyeshea mpangaji yule yule aliyelindwa. Hata hivyo kufuta si sawa na kurekebisha. Mfereji wenye ufa huzibwa. Haufukiwi wote kwa sababu ya ufa.

Kilichobaki ni Sheria ya Ardhi, Nambari 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2001 pamoja na mwenzake, Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Zilizaliwa baada ya tume ya Profesa Issa Shivji kuzunguka nchi na kusikiliza malalamiko ya wananchi mwaka 1991 na 1992, ingawa tume ilitaka mengi ambayo hayakukubaliwa. Juu ya mgeni sheria ilirudia wosia wa mwaka 1958: asiye raia hagawiwi ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji. Lakini juu ya mpangaji ina maneno mema yasiyosomwa na wengi. Upangaji wa mwaka mmoja au chini yake waweza kufanywa kwa mdomo. Usiotajwa muda huhesabiwa kwa kipindi cha malipo, na atakaye kuuvunja hana budi kutoa ilani isiyopungua kipindi hicho. Mwenye nyumba, hata asipoandika, amekwisha kuahidi kumwacha mpangaji akae kwa utulivu maadamu analipa. Kwamba nyumba ya kuishi inafaa kukaliwa na binadamu siku anapoingia. Na kwamba, apangishapo sehemu tu ya jengo, paa na kuta kubwa na mifereji atavitunza yeye. Nyumba ikiungua au kugharikishwa pasipo kosa la mpangaji hata isikalike, kodi husimama. Ahadi hizo hazimwulizi mpangaji pasi yake.

Katika Ihanda ya leo mambo hayo hukutana na desturi. Aghalabu mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi sita au ya mwaka kwa mkupuo. Fedha ikiisha kutoka mkononi, mpangaji ndiye mwenye kudai na mwenye nyumba ndiye mwenye kudaiwa, jambo ambalo wote wawili hulisahau. Mkataba ukiwako huandikwa katika karatasi ya daftari, na mwenyekiti wa kitongoji hutia sahihi kama shahidi, kama balozi wa zamani. Mgeni mwenye busara huomba stakabadhi ya kila malipo. Mgeni mwenye haya huona kwamba kuomba stakabadhi ni kumdharau mwenyeji wake, hasa akiwa amekwisha kumwita kaka au mama. Tangu kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kilipofunguliwa mwaka 2019, kuvuka kumekuwa kwepesi kuliko zamani. Lakini kuvuka si kukaa. Mgeni hukaa kwa kibali chenye tarehe, na kumhifadhi mtu asiye na kibali ni kosa kwa mwenye nyumba pia. Hapo tishio la kwenda Uhamiaji huweza kufanya kazi ambayo ilani ingepaswa kuifanya, na mpangaji ambaye kibali chake kimebakiza wiki chache huhama usiku na kuiacha kodi ya miezi minne nyuma yake. Ni mguu ule wa pili, uliokatwa mwaka 1939, na sasa waweza kutishwa na mtu binafsi.

Sheria haikumwacha bila mlango. Kwa sheria ya mwaka 2002 liko Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na tangu mwaka 2021 Kiswahili kimefanywa lugha ya mahakama, neema isiyo ndogo kwa mtu wa Nakonde au wa Kongo ambaye Kiswahili anacho na Kiingereza hana. Mwaka huo huo mabaraza ya kata yaliondolewa uwezo wa kuhukumu mashauri ya ardhi, yakaachiwa kazi ya kupatanisha. Mwenye shauri la ardhi huanzia katika kata, na Baraza la Wilaya halimsikilizi mpaka kata ithibitishe kwamba upatanisho umeshindikana, au siku 30 zipite pasipo mapatano. Muda huo ulitungwa kwa kufikiri juu ya mashamba na mipaka, ambapo mwezi mmoja si kitu. Mpangaji alipaye kwa mwezi hupewa ilani ya mwezi mmoja. Akipeleka shauri lake katika kata ya Ihanda asubuhi ile ile ya kupokea ilani, siku ya kwanza ya kuruhusiwa kwenda wilayani yaweza kumkuta vyombo vyake vikiwa uani.